Je, Wajua? Hewa huzuia maji ya moto

Bafu moja linaweza kukosa maji ya moto ilhali la pili, lenye hita ileile, linayo tele. Mara nyingi kinachozuia ni hewa. Mgao wa maji ukikatika na tangi la nyumbani likaisha maji, hewa huingia mabombani. Maji yakirudi, hewa hiyo hunaswa pale bomba lilipopanda kisha likashuka, na tangi lililo chini ya kimo cha kutosha halina nguvu ya kuisukuma.

Zima kwanza swichi ya hita, maana koili ikiwaka pasipo maji huungua. Kisha fungua koki ya maji ya moto ya bafu linalokosa mpaka iache kukohoa. Ikibaki hafifu wakati maji baridi yanatoka kwa nguvu, kagua valvu ya tawi hilo. Mabafu yote yakikosa maji ya moto, chunguza hita yenyewe.

Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati hita inawaka, si lazima iwe mbovu: maji yakipata moto hutanuka. Tafadhali usiizibe kamwe. Hita inaweza kupasuka.