Safari za Asia kutoka Eldoret: mteja analipia nini hasa?

Agosti 2024 Eldoret ilitawazwa kuwa jiji la tano la Kenya. Hata hivyo, mkazi wake anayetaka kwenda Bangkok, Singapore au Hanoi bado huanza kwa kwenda Nairobi. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulioko Kapseret umezoea kupokea shehena kutoka Ghuba na Asia, lakini ndege zake za abiria zenye ratiba huishia humu humu nchini. Pengo hilo kati ya jiji na dunia ndilo linalowapa riziki mawakala wa usafiri wenye ofisi kwenye ghorofa za Uganda Road na mitaa ya jirani.

Wateja wa safari za Kusini-Mashariki mwa Asia ni wa aina nne. Wa kwanza ni wanariadha. Mbio za marathoni za Singapore, Bangkok na Kuala Lumpur zimewalipa wakimbiaji wa Bonde la Ufa kwa miaka mingi. Luke Kibet, bingwa wa dunia wa Osaka 2007, alishinda ya Singapore mwaka 2008 na 2009. Wa pili ni wafanyabiashara wa nguo, wanaofuata bei ya jumla katika masoko ya Bangkok kama Pratunam na Bo Bae. Wa tatu ni wanafunzi, hasa wanaoelekea vyuo vya Malaysia. Wa nne ni watalii: maharusi, na familia zilizochoka kwenda Mombasa kila Desemba.

Kila kundi lina hesabu yake. Mwanariadha anahitaji barua ya ruhusa kutoka Athletics Kenya na mwaliko wa waandaaji. Anatoka mahali palipo mita 2,100 hivi juu ya bahari na penye baridi ya asubuhi, anaingia kwenye joto zito la pwani na saa zilizosogea mbele kwa nne au tano. Kwa hiyo siku za ziada za hoteli kabla ya mbio zinafaa kuwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Mfanyabiashara huuliza kwanza uzito wa mizigo, kisha nauli. Mwanafunzi wa Malaysia hawezi kusafiri kama mtalii halafu akatafuta chuo akiwa huko: kibali chake hupitia taasisi ya Education Malaysia Global Services, na barua ya kuidhinishwa hutolewa kabla hajapanda ndege.

Kuhusu viza, nchi za eneo hilo hazifanani. Singapore, Malaysia na Ufilipino humruhusu mwenye pasipoti ya Kenya kuingia bila viza kwa ziara fupi. Vietnam ilifungua viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote tangu 15 Agosti 2023. Hudumu hadi siku 90, na ada yake ni dola 25 kwa kuingia mara moja au dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ile ya kwanza ni kama shilingi 3,200. Thailand humtaka Mkenya aombe viza kabla ya kuondoka, na tangu Januari 2025 maombi hayo hufanywa mtandaoni.

Kutohitaji viza si sawa na kutohitaji makaratasi. Malaysia na Singapore humtaka mgeni ajaze fomu ya kuwasili kwenye mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na Thailand ilianza utaratibu kama huo tarehe 1 Mei 2025. Fomu zote tatu ni za bure. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya kwenda Malaysia, Singapore au Thailand, na chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kwa kanuni iliyoanza 2016, cheti hicho sasa hudumu maisha yote. Ofisa wa uhamiaji aweza pia kuuliza tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na fedha za matumizi. Abiria aliyekosa kimojawapo anaweza kukwama kwenye kaunta ya ndege Nairobi, mamia ya kilomita kutoka nyumbani.

Gharama nyingine hujificha katika kipande kifupi zaidi cha safari. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni chini ya saa moja angani. Lakini ndege ikitua uwanja wa Wilson, abiria huchukua mizigo yake na kuvuka jiji lenye msongamano hadi uwanja wa kimataifa wa JKIA. Tiketi mbili zikikatwa mbalimbali na ile ya Eldoret ikachelewa, shirika la kimataifa halina wajibu wa kumngoja wala kumrudishia nauli. Wakala makini huacha saa nyingi katikati, au humshauri mteja alale Nairobi. Kutoka hapo Kenya Airways huenda Bangkok, na abiria wengine wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai.

Ikiwa tiketi, viza na fomu vyote vinapatikana kwenye simu, wakala anauza nini? Zamani alilipwa kamisheni na mashirika ya ndege. Kamisheni hizo zimepungua sana duniani kote, na sasa pato lake hutokana na ada anayomtoza mteja pamoja na faida ndogo kwenye hoteli na vifurushi vya likizo. Wakala mdogo asiye na idhini ya IATA hununua tiketi kupitia mkubwa aliye nayo, naye huongeza chake. Hakuna ubaya hapo. Kujua kwamba Desemba nauli hupanda, kwamba sikukuu ya Songkran katikati ya Aprili hujaza hoteli za Thailand, na kwamba tovuti rasmi ya viza ya Vietnam huishia na gov.vn huku nyingine za kuigiza zikitoza mara kadhaa ya ada halisi, ni ujuzi wenye thamani ya fedha.

Shida huanza pale ada au ukweli unapofichwa, na Eldoret imeshaumia. Mpango wa kaunti yake, Uasin Gishu, wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada uliwaacha wazazi wakidai karo waliyokwisha kulipa, na mwaka 2023 kesi ikafika mahakamani. Wakati huo huo, vijana wa Kenya walikuwa wakiahidiwa kazi nono Thailand, kisha wakivushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa onyo mwaka 2022, na makumi ya Wakenya wengine waliokolewa mwaka 2025.

Mtego huo huanza kama safari ya kawaida: tiketi ya kweli, viza ya kitalii ya kweli, na mtu mwenye maneno mazuri. Kwa hiyo mstari kati ya biashara na uhalifu uko kwenye maelezo anayopewa mteja. Viza ya kitalii haiwi kibali cha kazi, hata siku moja. Anayetafutia watu ajira ng'ambo anapaswa kuwa kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Anayeuza safari anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kukagua yote mawili hakugharimu chochote.

Mawakala waaminifu wa Eldoret ndio wanaopoteza zaidi uaminifu unapokufa, kwa sababu mteja aliyeungua hukimbilia Nairobi au hubaki na simu yake. Ni kwa faida yao kubandika leseni mlangoni, kuandika bei ukutani, na kukataa kumkatia tiketi ya kitalii kijana anayesema wazi kwamba anakwenda kufanya kazi. Nayo serikali ya kaunti, baada ya yaliyotokea, inadaiwa kampeni ya wazi ya kuwaelimisha wazazi.

Kwa msomaji anayepanga safari hiyo: kabla ya kutoa hata shilingi, dai risiti yenye mafungu matatu, yaani nauli, ada ya viza inayokwenda kwa serikali husika, na malipo ya wakala. Anayekataa kuyatenganisha, mwache na utafute mwingine.