Kijiko cha Maji na Elimu ya Umbo Lililopinda

Anayeitazama nchi ya Burungu, katika milima ya Masisi, aona malisho ya ng'ombe, na kati ya vilima aona vijito viteremkavyo kwa nguvu usiku na mchana. Nguvu hiyo yaweza kuwa taa na mashine ya kusaga. Huko Rutshuru, kiwanda cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015, chaendeshwa na maji. Lakini mtambo, hata ulio mdogo, wataka gurudumu, na kijiko kimoja cha gurudumu kikivunjika, kijiji chaweza kurudi gizani hadi kingine kitoke mbali. Je, vijana wetu hawawezi kukisubu wenyewe?

Gurudumu la namna hii lilibuniwa na Mmarekani Lester Pelton, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1880. Limezungukwa na vijiko, na kila kijiko ni kama bakuli mbili zilizoungana, zenye ukingo mkali katikati uupasuao mchirizi wa maji. Kijiko kikipindwa vibaya, nguvu ya maji yapotea bure.

Kukisubu, fundi hulifukia umbo la mti katika mchanga wenye unyevu kidogo, akaushindilia, kisha akalitoa umbo na kumimina shaba nyeusi iliyoyeyushwa katika nafasi iliyobaki. Kwa hiyo kosa la umbo ni kosa la kila kijiko.

Siku hizi umbo huchorwa kwanza katika kompyuta. Njia yake ni ya zamani: waunda meli wa Ulaya walikuwa wakichora mbavu za meli kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu pana ya darini, kisha wakaziunganisha kwa mistari laini. Kwetu, aliyejenga kibanda cha fito zilizopindwa na kutandika turubai juu yake ameshaijua siri hiyo. Fito ndizo mikato. Turubai ndiyo ngozi.

Kwanza, fundi huchora mikato michache ya kijiko, toka shinani hata ncha. Pili, huhakikisha kwamba kila mkato una vipande sawa kwa idadi, nao waanzia mahali palepale, ama sivyo ngozi itasokoteka kama nguo inayokamuliwa. Tatu, huongeza mistari ya kuongoza kando ya ukingo. Asizidishe mikato, kwani mingi mno huleta mawimbi. Halafu huwasha michirizi ya kupimia juu ya umbo: mchirizi ukikatika ghafla, pana kigongo.

Mchanga nao una masharti yake. Kuta za umbo ziinamishwe kiasi cha digrii 2, lipate kutoka bila kuubomoa mchanga. Tena shaba nyeusi ikipoa hunywea kadiri ya milimita 15 kwa kila mita. Basi kijiko cha milimita 200 kichorwe 203, na kuongezwa kidogo palipo na kazi ya tupa.

Asiye na mashine ya kuchonga asikate tamaa. Na aichape mikato katika karatasi kwa ukubwa halisi, aibandike juu ya mbao nyembamba, azikate, azigandishe pamoja, kisha alainishe ngazi zilizobaki kwa tupa na msasa.

Wazazi, msiwaache watoto wajaribu kumimina bila mwalimu. Mchanga uliolowa mno huleta mvuke urushao madini ya moto, na kijiko chenye ufa huweza kuruka gurudumu likizunguka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa lililoonekana katika kompyuta lagharimu saa moja ya subira. Kosa hilohilo baada ya kumimina lagharimu shaba, makaa na siku nzima. Ninyi wanafunzi mnaouliza hesabu za pembe zafaa nini, jibu lapita kijitoni, chini ya shule yenu.