Upepo wapandisha bei ya mita 1,000 za angani

Mtaji wa rubani wa glaida, ndege isiyo na injini, ni urefu alio nao juu ya ardhi. Hana mafuta, kila kilomita anailipa kwa mita alizokwisha kupanda. Swali lake ni la mfanyabiashara yeyote: mtaji huo autumie kwa mwendo gani ili umfikishe mbali?

Chukua glaida ambayo kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa hushuka sentimita 70 kila sekunde, na kwa kilomita 110 hushuka sentimita 90. Hewa ikiwa shwari, mita 1,000 hununua karibu kilomita 36 kwa mwendo wa kwanza na 34 kwa wa pili. Faida iko kwa mwenda pole.

Upepo wa omo wa kilomita 40 kwa saa ukivuma, bei hubadilika. Mwenye mwendo wa 90 hubakiwa na 50 tu juu ya ardhi, na mita zile zile humfikisha kilomita 20. Mwenye 110 hupata karibu 22. Kilomita hizo mbili zaweza kuwa tofauti ya kutua uwanjani au katika shamba la mtu, kisha kugharamia trela ya kuifuata ndege. Akawiaye hewani huupa upepo muda zaidi wa kumrudisha nyuma. Ndiyo maana marubani wengi huongeza nusu ya kasi ya upepo wa omo juu ya mwendo wao wa kawaida. Upepo wa tezi ukiwasukuma, hupunguza, lakini kidogo tu.

Hata hivyo, wapo wanaoiingiza hesabu hiyo mahali isipohusika. Safari ikiwa bado ndefu, rubani hutegemea kupanda tena katika nguzo za hewa moto, nazo huchukuliwa na upepo ule ule. Hapo mwendo hupangwa na nguvu ya nguzo inayotarajiwa mbele. Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa mwaka 1956, aliirahisisha hesabu hiyo kwa pete ya kuzungusha kwenye kipimo cha kupanda na kushuka. Nguzo ikitarajiwa kuwa na nguvu, urefu ni rahisi na rubani huongeza mwendo. Ikiwa dhaifu, hubana matumizi.

Upepo hurudi daftarini katika mteremko wa mwisho, kwa kuwa uwanja, tofauti na nguzo, hausogei.