Mashimo Meusi Yalitesa Kompyuta Miaka 40, Dawa Mojawapo Ikawa Viboksi

Wasee, tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, mmoja Louisiana na mwingine Washington, ilinasa mtikiso mdogo wa chini ya sekunde moja. Wanasayansi wakasema hayo ni mashimo meusi mawili, moja zito mara 36 ya Jua na lingine mara 29, yamegongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Sasa waliyapima na mizani gani?

Na kompyuta. Unachukua hesabu za Einstein, unaigiza mgongano, unaona ungetoa wimbi gani, halafu unalinganisha na lile limenaswa. Inakaa rahisi, lakini manze! Hahn na Lindquist walijaribu 1964. Miaka ikapita, programu za watu zikizidi kuzima katikati ya kazi.

Ngori moja iko hapa. Kompyuta hukata anga viboksi viboksi na kupiga hesabu kwa kila kimoja. Karibu na shimo mambo hubadilika mbio, kwa hivyo unataka viboksi vidogo. Ukipunguza upana wao kwa nusu kila mahali, vinakuwa mara 8, na hatua za muda pia lazima uzikate nusu. Kazi mara 16! Rudia hivyo mara tatu uone: 4,096. Nani atabeba huo mzigo?

Mwaka 1984, Marsha Berger na Joseph Oliger walikuwa wametoa dawa: viboksi vikubwa kwenye kumepoa, vidogo kwenye kunawaka. Ni kama ramani ya simu. Ukitafuta keja ya beshte yako Umoja, simu haichori kila kichochoro cha Kenya. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kidole cha kuvuta. Programu inajicheki yenyewe, ikiona shimo limehama inasongesha viboksi vidogo vilifuate. Na vile vikubwa hupiga hatua ndefu za muda, nguvu isiishe bure.

Frans Pretorius alitumia mbinu hiyo 2005. Mashimo yakazungukana, yakaungana, na kompyuta haikuzima.

Si uchawi lakini. Pale viboksi vidogo hukutana na vikubwa, wimbi linaweza kudunda na kurudi, ukabaki na wimbi feki. Hapo ndipo watu hukesha.

Programu zenyewe, kama GRChombo na Einstein Toolkit, ni za bure, mtu yeyote anapakua. Mgongano mzima tu ndio laptopu yako haitauweza, labda uitumie kuchemshia chai.