Hata Mapro Huingiza Baridi: Kwa Nini Uoga wa Mpinzani Sio Mwisho wa Boli Yako

Kuna swali kila msee anayecheza boli huwa nalo kichwani, ila hakuna anayetaka kuliuliza mbele ya mabeshte. Hawa wanasoka wa kulipwa tunaowacheki kwa tivii wakiingia uwanjani vifua mbele, huwa wanaogopa wapinzani wao?

Jibu fupi ni ndio. Wanaogopa, tena sana.

Jibu refu ndilo lina utamu. Na kama unachezea timu ya Garissa, Wajir ama Mandera, hilo jibu refu linakuhusu kuliko unavyodhani. Jua la Garissa linaweza kupiga digrii 35 na zaidi, lakini siku timu ya Nairobi ikishuka kwa basi na jezi zimepigwa pasi, bado unaweza kuingiza baridi.

Mwili haujui kudanganya

Anza na Per Mertesacker. Jamaa ni mrefu kama mlingoti wa Safaricom, alikuwa nahodha wa Arsenal, na mwaka 2014 alibeba Kombe la Dunia na Ujerumani. Ungedhani mtu kama huyo haogopi chochote. Mwaka 2018, akikaribia kustaafu, alifungukia jarida la Der Spiegel kwamba kabla ya mechi alikuwa anasikia kichefuchefu, na tumbo lilikuwa linamharibikia hadi anakimbilia choo. Hiyo ilikuwa ni mwaka baada ya mwaka, sio siku moja tu.

Gianluigi Buffon naye, kipa aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006, ameshaeleza wazi kwamba alipokuwa kijana pale Juventus aliwahi kupigwa na msongo wa mawazo pamoja na hofu iliyomkaba hadi pumzi.

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukihisi hatari, hauulizi kama ni simba ama ni namba 9 wa timu pinzani. Unaachilia adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, damu inakimbilia misuli mikubwa ya miguu, tumbo linaambiwa lingoje. Ndio maana linavurugika. Macho nayo yanabana: unaona mpira tu, humwoni beshte wako aliye peke yake upande wa kulia.

Sasa unaelewa kwa nini yule fundi wa mtaa anayewapiga chenga watu watano kwa mchanga, siku ya fainali anashindwa kutuliza pasi ya mita tatu. Kipaji hakijapotea. Misuli imekaza tu.

Wanachoogopa sio mtu, ni aibu

Hapa ndipo wengi hukosa rada. Mchezaji wa kulipwa haogopi kupigwa na beki. Anaogopa kuaibishwa mbele ya watu. Anaogopa kuwa yule aliyekosa, yule atakayechekwa kesho na kutolewa timu wiki ijayo.

Kumbuka Brazil tarehe 8 Julai 2014, nusu fainali ya Kombe la Dunia, nyumbani kwao. Ujerumani iliwafunga mabao manne kati ya dakika ya 23 na ya 29. Mechi ikaisha 7-1. Wale walikuwa wachezaji wa klabu kubwa za Ulaya na hawakusahau boli kwa dakika sita. Nchi nzima ilikuwa imewakalia mabegani, Neymar alikuwa ameumia, nahodha Thiago Silva alikuwa nje kwa sababu ya kadi, na bao la pili lilipoingia kila mtu akaanza kuona aibu inavyokuja. Miguu ikawa mizito.

Penalti ndizo zinaonyesha hili vizuri zaidi. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza mikwaju ya mashindano makubwa. Mchezaji akipiga penalti ambayo akifunga timu inashinda, zaidi ya 90% huingia. Akipiga ile ambayo akikosa timu inatolewa, ni karibu 60% tu. Mpira ni ule ule, goli ni lile lile, mita ni 11. Kilichobadilika ni kile anachowaza anapotembea kuelekea doa.

Sisi wenyewe tulionja hiyo tarehe 22 Agosti 2025 pale Kasarani. Robo fainali ya CHAN, Harambee Stars wakatangulia kufunga, Madagascar wakasawazisha, na kwenye matuta tukatolewa 4-3. Usimcheke aliyekosa. Nenda wewe usimame pale.

Jina kubwa lina nguvu kabla ya filimbi

Mpinzani anatisha zaidi ukiwa bado hujamgusa. Usiku wa kabla ya mechi anakuwa na futi nane. Mechi ikianza unagundua naye anahema.

Cheki Victor Wanyama. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic walikuwa nyumbani dhidi ya Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta. Barca walikaa na mpira karibu muda wote. Lakini kijana wa Nairobi, miaka 21, akaruka kwa kona dakika ya 21 na kupiga kichwa, goli! Celtic wakashinda 2-1. Hatujui moyo wake ulikuwa unapiga vipi kabla ya mechi, ila tunajua kwamba kona ilipopigwa alikuwa pale anapotakiwa kuwa.

Ama rudi kwa hiyo CHAN yetu. Tarehe 10 Agosti 2025 tulikutana na Morocco, waliokuwa wameshabeba kombe hilo mara mbili. Sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza kabisa kucheza CHAN. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, halafu tukala kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili tukacheza watu kumi. Tukashinda 1-0. Hao hao Morocco ndio waliobeba kombe mwishowe, kwa uwanja huo huo.

Ukitaka kujua kama vijana wa Benni McCarthy waliogopa, angalia walivyokaba. Mtu asiyeogopa hangerudi nyuma mbio namna ile. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Beki mwenye uoga kidogo hujipanga mapema. Yule anayejifanya hana uoga ndiye hupitishwa mpira katikati ya miguu.

Sasa turudi Garissa

Tuseme ukweli: huku neno uoga lina uzito mwingine. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, vijana kama wewe. Mtu aliyekulia mji huu anajua hofu ya kweli ni gani. Straika wa timu nyingine, hata awe mkali vipi, hajafika hapo.

Lakini hiyo haimaanishi uoga wa uwanjani ni utoto. Una sababu, na sababu kubwa ni umbali. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Kutoka Mandera ni karibu kilomita 1,000. Ukitaja Ligi Kuu unataja Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker, Bandari, Kakamega Homeboyz, Shabana. Kijana wa Kayole anaweza kupanda mathree akawacheki mazoezini, akaona kwamba nao hukosa pasi. Wewe unawaona kwa simu tu, na simu inaonyesha mabao, haionyeshi makosa. Usichokizoea hukitia chumvi.

Kuna na ile hofu ya makaratasi. Kwa miaka mingi, kijana wa North Eastern akitafuta kitambulisho alipigwa msasa wa ziada ambao kijana wa Nyeri hakupitia. Rais Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Kwa mwanasoka hilo sio jambo dogo: ukishakuwa mtu mzima, bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hata ukiitwa majaribio nje unabaki kuangalia ndege ikipaa. Msee akiingia uwanjani akiwa tayari ameambiwa kwa njia mia kwamba yeye ni mgeni, anamwona mpinzani kama mwenye nyumba.

Na dada yangu unayecheza na hijabu, wewe una wapinzani 11 ndani na wengine kibao wamesimama kando ya mstari wakibonga. Jua tu kwamba sheria za boli zimeruhusu kufunika kichwa tangu 2014. Jua pia kwamba Jawahir Roble, aliyezaliwa Somalia na kufika Uingereza akiwa mtoto, alishika filimbi akawa refa akiwa na hijabu yake, na wanaume walimsikiliza.

Mapro hufanya nini na hiyo baridi?

Hawaifukuzi. Wanaipa kazi.

Kwanza, wanaibadilisha jina. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia "nina mzuka" kabla ya kuimba ama kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mantiki ni rahisi: uoga na mzuka mwilini vinafanana, moyo unaenda mbio kwa vyote viwili. Kuutoa mwili mbio hadi usingizi ni ngumu. Kuuambia hizi mbio ni za sherehe ni rahisi zaidi.

Pili, wanapumua na hawaharakishi. Jordet aligundua kwamba wapigaji wanaokimbilia mpira mara tu refa anapopuliza hukosa zaidi. Filimbi ni ruhusa, sio amri. Vuta pumzi, itoe polepole, kisha piga.

Tatu, wanaanza na kitu kidogo. Dakika tano za kwanza usijaribu chenga ya kuwekwa TikTok. Piga pasi fupi, rudisha, shinda mpira mmoja wa kichwa. Mwili ukiona umefaulu mara tatu, unalegea wenyewe.

Nne, wanamjua mpinzani. Anatumia mguu gani? Akikabwa na wawili anafanya nini? Kwenye maswali kama hayo mpinzani anarudi kuwa mtu wa futi tano na nusu.

Tano, na hii ni ya makocha na viongozi wa timu: tafuteni mechi za nje. Mashindano kama Chapa Dimba yalisaidia kwa sababu yalitoa timu kama Berlin FC ya Garissa nyumbani na kuzikutanisha na wasee wa mikoa mingine. Mechi moja ya kirafiki Thika ama Machakos, hata mkichapwa, inatoa uoga kuliko hotuba kumi. Na wageni wakija kwenu, tumieni nyumbani. Watafiti wa Uingereza waliwahi kupima mate ya wachezaji wakakuta homoni ya testosteroni iko juu zaidi wanapocheza kwao. Kwenye lile jua la mchana, anayeingiza baridi ni yule aliyeshuka kwa basi.

Kwa hivyo ukisimama kwenye mstari na magoti yanacheza, usidhani umeumbwa vibaya. Mertesacker alikuwa hivyo na bado akabeba Kombe la Dunia. Yule namba 9 anayekukodolea macho pia tumbo lake linaguruma, ila anakungoja wewe uonyeshe kwanza.

Usimpe hiyo raha. Pumua, funga kamba za njumu, itisha mpira wa kwanza.