Je, Wajua? Hata Nazi Hubandikwa Stempu

Je, wajua kwamba katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, mtu huingia posta akamtumia rafiki yake nazi? Haifungwi wala haitiwi kwenye boksi. Ni nazi kavu isiyofuliwa: anwani huandikwa juu ya kumbi kwa kalamu ya wino mzito, na stempu hubandikwa papo hapo. Posta ndogo ya Hoolehua ilianza utaratibu huu mwaka 1991. Nazi hutolewa bure, mtumaji hulipia usafirishaji tu. Kwangu hii ndiyo kadi bora kuliko zote, maana badala ya picha ya kisiwa, rafiki hupokea kipande cha kisiwa chenyewe.

Kadi ya posta tangu mwanzo ni barua iliyovuliwa bahasha. Austria-Hungaria iliitoa rasmi kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1869, na wapo waliohofia kwamba matarishi na watumishi wa nyumbani wangesoma siri za watu. Uwazi huo huo ndio ulioleta vituko.

Aliyejua kuutumia ni Mwingereza W. Reginald Bray. Mwaka 1898 alinunua kitabu cha kanuni za posta, akakisoma kwa makini, kisha akaanza kujaribu kila ambacho hakikukatazwa. Alituma kitunguu, mwani mkavu, pampu ya baiskeli, na fuvu la sungura lenye anwani iliyoandikwa kwenye mfupa. Vyote vikasafiri bila kufungwa. Mwaka 1900 akajituma mwenyewe, na tarishi akamfikisha nyumbani kwao. Kadi yake moja ilikuwa na picha ya jabali lililosimama baharini, nayo aliielekeza kwa mkazi aishiye karibu zaidi na jabali hilo, bila kutaja jina la mtu. Bray anasifiwa kwa ubunifu, na anastahili. Ila mimi nawasifu zaidi wale matarishi waliokibeba kitunguu kwa heshima ile ile waliyoibebea barua.

Vituko havikuishia Uingereza. Huko Poland, enzi za ukomunisti, ziliuzwa kadi zenye mifereji ya santuri juu ya picha. Uliipokea kadi, ukaiweka kwenye gramafoni, ukasikiliza wimbo.

Siku hizi huhitaji hata kuwa na rafiki wa kalamu ndipo upate kadi ya ajabu. Mreno Paulo Magalhães alianzisha Postcrossing mwaka 2005: unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamwandikia, na kadi yako ikishafika, mtu mwingine kabisa wa nchi nyingine anakuandikia wewe. Kwetu Afrika Mashariki, ambako barua husubiri kwenye sanduku la posta, raha iko kwenye kuzungusha ufunguo. Umezoea kukuta bili na matangazo, mara unavuta kadi iliyokatwa kwa umbo la samaki, ina maandishi ya Kijapani na stempu yenye korongo!

Lakini kadi inayonigusa kuliko zote haina stempu kabisa. Katika kisiwa cha Floreana, visiwa vya Galápagos nchini Ekwado, kuna pipa la barua lililoanzishwa na wawindaji wa nyangumi zamani za merikebu za matanga. Waliokuwa wakienda baharini waliacha barua, na waliokuwa wakirudi makwao walizichukua. Pipa limebadilishwa mara kwa mara, desturi imebaki. Mgeni hutumbukiza kadi yake, kisha hupekua za wenzake akitafuta anwani ya mji wake au wa jirani. Akiipata huondoka nayo. Haipeleki posta; akifika kwao huitafuta nyumba iliyoandikwa, akasimama mlangoni kwa mtu asiyemjua, akabisha hodi.