Tundu Linalotawala Moto
Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Hatua zote 4 za roketi hiyo zilitumia fueli yabisi, bila pampu wala vali ya kupunguza moto. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba msukumo wa roketi kama hizi hautawaliwi, huwashwa tu kama fataki. Naona unatawaliwa, ila uamuzi hufanywa kiwandani.

Tazama roketi mbili za ubavuni za chombo cha anga cha Space Shuttle. Kila moja ilijazwa takriban tani 500 za mchanganyiko wa amoniamu pakloreti inayotoa oksijeni, unga wa alumini na mpira wa kuvishikanisha. Mchanganyiko huo humiminwa ukiwa kama uji mzito, ukagandia kuzunguka kalibu. Kalibu ikichomolewa, hubaki tundu refu katikati. Moto hula kuta za tundu hilo. Kuta zikiwa pana, gesi huwa nyingi, shinikizo hupanda, na shinikizo nalo huharakisha moto. Ndiyo maana ufa mdogo tu ni hatari, kwani huongeza kuta ambazo hazikupigiwa hesabu. Gesi hubanwa kwenye shingo ya nozeli, hutoka kwa kasi kupita sauti, na roketi husukumwa upande wa pili. Tundu la mviringo hupanuka linavyoungua, hivyo msukumo huongezeka. La umbo la nyota huanza na kuta nyingi, kisha pembe zake huliwa, kuta hupungua na msukumo hushuka. Sehemu ya mbele ya roketi hizo ilipewa nyota ya pembe 11, na sekunde kama 50 baada ya kuruka msukumo ulikuwa umeshuka kwa karibu theluthi moja, wakati ambapo hewa hukielemea chombo zaidi. Hakuna rubani aliyegusa kitu.

Pingamizi zito ni ajali ya Challenger, mojawapo ya vyombo vya Space Shuttle. Tarehe 28 Januari 1986 baridi iliukakamaza mpira wa kuzibia kiungo cha roketi moja ya ubavuni, moto ukapenya, na chombo kiliposambaratika sekunde ya 73, roketi zote mbili ziliendelea kuruka zenyewe hadi zilipolipuliwa kwa amri ya redio. Baruti ilipasua ganda, shinikizo likaanguka, msukumo ukafa. Kwa hiyo kuzimika kunawezekana, lakini kwa kuharibu. Fueli iliyokwisha kugandishwa haipokei habari mpya, na habari ya baridi ilikuwepo: wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia, moto ukiwa bado haujawashwa.